Majibu kwa Wasomaji: Sidii Iliyonasa Ndani ya Noah

Barua moja imechukua karibu nafasi yote ya safu ya mwezi huu, nami sijutii. Tatu zilizoifuata zinahusu jambo lilelile, kwa sababu mwandishi wa barua ya kwanza, kama mtakavyoona, hubeba abiria wengi na hana tabia ya kupunguza sauti ya redio.

SWALI: Mheshimiwa mwandishi wa safu, natumaini u mzima. Mimi ni dereva wa gari la abiria kati ya Mtwara Mjini na Masasi. Nimenunua Noah iliyotumika, iliyoletwa kutoka Japani, na redio yake inaishia masafa ya 90, kwa hiyo stesheni zetu nyingi haizipati. Fundi alipoichomoa ili afunge ekspanda, kile kifaa cha kuongeza masafa, aliikuta sidii imenasa ndani, imeandikwa Kijapani pamoja na maneno mawili ninayoweza kuyasoma, For You. Niliiweka tukiwa njiani, na lile gita la mwanzo lilinifanya niegeshe gari pale Mnazi Mmoja mpaka wimbo ukaisha, huku abiria wakidhani tumepata pancha. Mke wangu anasema huu ni muziki wa mapokezi ya hoteli. Naomba unieleze ni muziki gani, mwenyewe ni nani, na nifanyeje ili niufaidi zaidi. (Dereva, Chuno, Mtwara)

JIBU: Ndugu dereva, pokea kwanza pongezi zangu, maana umeletewa bure na meli ya magari kitu ambacho wapenzi wa muziki walioko Ulaya na Marekani hukitafuta madukani kwa fedha nyingi. Hiyo ni For You, albamu ya mwimbaji wa Kijapani Tatsuro Yamashita, iliyotoka mara ya kwanza ikiwa sahani ya santuri tarehe 21 Januari 1982, na mimi binafsi, nikiambiwa nichague albamu moja tu ya Kijapani ya kubaki nayo, nitaichagua hiyo bila kuomba muda wa kufikiri.

Yamashita alizaliwa Tokyo mwaka 1953. Kabla ya kusimama peke yake alikuwa katika bendi iliyoitwa Sugar Babe, pamoja na mwimbaji Taeko Ohnuki, na bendi hiyo ilitoa albamu moja tu, mwaka 1975, kisha ikavunjika mwaka uliofuata. Muziki waliouanzisha vijana wa aina yao ndio uliokuja kuitwa siti popu, yaani popu ya mjini. Walikuwa wamekulia kwenye redio zilizopiga muziki wa Kimarekani, wakaupenda mdundo wa soul, kodi za jazi (yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) na uimbaji wa pamoja wa bendi ya Beach Boys, kisha wakaviunganisha vyote na lugha yao wenyewe. Uliwakuta watu tayari kuupokea: uchumi wa Japani ulikuwa umekua, vijana wengi wa mijini walikuwa na kazi, na redio ya kaseti ndani ya gari haikuwa tena kitu cha ajabu. Mwezi Julai mwaka 1979 kampuni ya Sony ikaanza kuuza Walkman, na mtu akaweza kutembea mtaani na muziki wake masikioni. Hivyo basi, muziki huo ulizoea kusikilizwa katika mwendo, na wewe uliyeukuta ndani ya gari uliukuta nyumbani kwake.

Sasa nije kwenye lile gita lililokusimamisha Mnazi Mmoja. Wimbo huo unaitwa Sparkle, na anayepiga ni Yamashita mwenyewe, kwa gita lake la Telecaster la rangi ya kahawia. Ukiusikiliza vizuri utagundua kwamba hapo mwanzo hakuna solo hata kidogo. Ni rithim tupu, yaani gita la kushikilia mdundo, iliyowekwa mbele peke yake kama mtu aliyezoea kukaa jikoni ambaye leo ameketishwa sebuleni. Mkono wa kulia unapanda na kushuka juu ya nyuzi bila kupumzika, hata mahali ambapo huusikii, na kazi ya kuamua kipi kitoke na kipi kizimwe imeachiwa vidole vya mkono wa kushoto, ambavyo hugandamiza kodi kwa kitambo kidogo tu, kisha hulegea na kuziacha nyuzi zitoe ule mkwaruzo mkavu usio na noti. Utamu wote wa wimbo umo katika mapengo hayo. Mpigaji mwenye pupa angeyajaza, na wimbo ungekufa palepale.

Nilipokuwa mtoto, bendi za Dar es Salaam zilikuwa zikija Mtwara msimu wa korosho, wakati wakulima wana fedha mkononi, nasi watoto tulikuwa tukipenya kwenye uzio wa ukumbi na kusimama karibu na jukwaa hadi tufukuzwe. Wenzangu walimtazama mpiga solo. Mimi, sijui kwa nini, nilimtazama mpiga rithim, mtu mwembamba aliyekaa juu ya kasha la spika, ambaye alikuwa amechomeka kipande cha sponji chini ya nyuzi, karibu kabisa na daraja la gita, ili zisivume. Usiku mzima hakuinua uso. Lakini alipoacha kupiga ili afute jasho, ukumbi mzima uliyumba, wachezaji wakakosa mguu, na ndipo nilipojua ni nani aliyekuwa ameushika muziki. Miaka mingi baadaye, nilipoisikia Sparkle kwa mara ya kwanza, nilimkumbuka yule bwana na sponji yake. Anayejua kuisikiliza rithim ya muziki wetu wa dansi ana nusu ya elimu anayoihitaji kwa albamu hii, na nadhani ndiyo sababu ilikunasa kabla hujajua hata jina la mwimbaji.

Ngoma na besi zinapoingia, zisikilize pamoja. Ngoma ni za Jun Aoyama na besi ni ya Koki Ito, watu wawili waliofanya kazi na Yamashita kwa muda mrefu, na kinanda kinapigwa na Hiroyuki Namba. Aoyama, ambaye alifariki mwaka 2013, hapigi kwa mbwembwe. Anaweka pigo mahali pamoja, zito na lenye uhakika, mpaka msikilizaji anaacha kulihesabu na kuanza kulitegemea. Jaribu safari moja, kutoka Mnazi Mmoja hadi Ndanda, kumfuata mtu mmoja tu: ukiamua ni besi, basi usikubali kuchukuliwa na sauti ya mwimbaji hata anapokuita. Wimbo wa kwanza wa upande wa pili wa santuri, uitwao Loveland, Island, ndio mzuri zaidi kwa zoezi hilo, kwa sababu besi yake inatembea kama mtu anayekwenda pwani bila haraka, na ngoma zinampisha.

Baada ya hapo ndipo uirudie sauti. Katika kiitikio utasikia kundi la waimbaji, lakini wengi katika kundi hilo ni mtu mmoja. Yamashita aliimba sauti ya kwanza, akarudisha mkanda, akaimba ya pili juu yake, kisha ya tatu, na kuendelea. Mwaka 1980 alikuwa tayari ametoa albamu nzima ya namna hiyo, On the Street Corner, ambamo sauti zote ni zake na hakuna ala inayomsindikiza. Ninyi mliokulia kwenye muziki wa Radio Tanzania Dar es Salaam mtaona tofauti hapo, kwa maana katika studio ile bendi ilikuwa ikirekodi kwa pamoja, watu wote chumba kimoja, na mpiga tarumbeta akikosea ubeti wa mwisho wote wanarudi mwanzo. Siwezi kusema njia ipi ni bora. Rekodi zetu zina jasho na kupumua kwa watu waliotazamana usoni, na hilo haliwezi kurudishwa kwa kurudisha mkanda. Rekodi ya Yamashita ina usafi wa kitu kilichopigwa msasa kwa siku nyingi na mtu asiyeridhika upesi. Mke wako anapousikia usafi huo anakumbuka hoteli, na simlaumu, kwa sababu hoteli zimeiga usafi wenyewe na kuliacha lile gita.

Kuna jambo moja katika albamu hii ambalo nadhani mtu wa Mtwara huliona upesi kuliko wengine. Hii ni albamu ya majira ya joto, yenye bahari, upepo na mwanga unaometa juu ya maji, lakini ilitolewa Januari, wakati Tokyo ina baridi kali na watu wamejifunga makoti. Kwa msikilizaji wa kwanza, basi, ilikuwa ni kuota jua. Kwetu sisi Januari ni kaskazi, joto na mvua, na albamu inafika kwa wakati wake kabisa. Ilhali Julai na Agosti, wakati Wajapani wanatokwa na jasho na kuipiga kwa wingi, sisi tuko kwenye kipupwe, kusi inavuma, na wazee wa Mikindani wanakunywa kahawa wakiwa na masweta. Halafu kuna bahari yenyewe. Bahari ya Yamashita ni ya mtu wa mjini aliyeendesha gari siku ya mapumziko, akaitazama, akanywa kitu cha baridi, akarudi kazini. Haina harufu. Yetu hapa Shangani ina harufu ya dagaa waliotandazwa, ina watu wanaovuta nyavu na kina mama wanaosubiri mashua wakiwa na beseni kichwani. Nilipokuwa kijana tofauti hiyo ilinikera, nikaona muziki huu umejaa uongo. Siku hizi naona kwamba mtu anayo haki ya kuiona bahari kama mahali pa kupumzika, na hata mvuvi, akishauza samaki wake, huenda kukaa ufukweni jioni bila shughuli yoyote, akiyatazama maji yaleyale.

Jalada la sahani, ambalo wewe hukulipata kwa kuwa sidii yako ilibaki bila kasha, lilichorwa na Eizin Suzuki: jengo la mtindo wa Kimarekani kando ya barabara, kwa rangi safi na jua lisilo na vumbi. Mchoraji huyohuyo alikuwa akichora jarida la redio liitwalo FM Station, lililoanza mwaka 1981, ambalo liliwapa wasomaji wake lebo nzuri za kaseti za kukata kwa mkasi, ili mtu aliyerekodi nyimbo kutoka redioni azibandike kwenye kaseti yake. Sisi nasi tulirekodi kutoka redioni, kidole kikisubiri juu ya kitufe, tukiomba mtangazaji asizungumze juu ya wimbo, na lebo zetu zilikuwa kipande cha daftari na kalamu ya wino.

Si kila kitu humo nakipenda. Hey Reporter!, ambao unawasema waandishi wa udaku, una kelele nyingi kuliko hoja, nami huuruka. Morning Glory, ambao Mariya Takeuchi aliuimba kabla, mwaka 1980, katika albamu yake Miss M, ni mzuri kwa utulivu wake wa asubuhi, na inafaa kujua kwamba Yamashita na Takeuchi walioana mwaka huohuo wa 1982. Futari, unaofunga upande wa kwanza, ni wa polepole mno kwa gari lenye abiria. Ngoja uwe peke yako.

SWALI: Shikamoo Mzee wa Safu. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu na nilipanda gari la huyo dereva nikienda likizo. Nimeupenda muziki, lakini rafiki zangu wananicheka kwamba nasikiliza nyimbo nisizozielewa. Je, mtu anaweza kusema anaipenda albamu ilhali haelewi hata neno moja? (Mwanafunzi, Masasi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Waulize rafiki zako wanaokucheka kama wanajua Kilingala. Nchi hii imecheza muziki wa Kongo tangu kabla wazazi wako hawajazaliwa, watu wakaimba viitikio kwa sauti kubwa harusini, na wengi wao hawakujua kama wanatangaza mapenzi au wanalia msiba. Bibi zetu wa pwani nao walilia kwenye filamu za Kihindi, tena wakati wa nyimbo.

Hata hivyo, maneno yana thamani yake na ni vema kujua yalikotoka. Sehemu kubwa ya mashairi ya albamu hii, likiwamo la Sparkle, yaliandikwa na Minako Yoshida, ambaye yeye mwenyewe ni mwimbaji mwenye sauti nzito na anasikika pia katika uitikiaji. Mashairi yake hayasimulii kisa kama nyimbo zetu za dansi, ambapo utajua nani alimwacha nani na mama mkwe alisema nini. Yanachora hali: mwanga, macho ya mtu, upepo unaobadilika. Ndiyo maana mtu asiyejua lugha hapotezi mengi kama anavyopoteza asiyejua Kiswahili akisikiliza dansi. Wimbo wa mwisho, Your Eyes, ni wa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, na maneno yake yaliandikwa na Mmarekani, Alan O'Day. Cha ajabu ni kwamba, kwa sikio langu, huo unaoeleweka ndio ambao maneno yake hunigusa kidogo kuliko ya nyimbo nyingine, na sauti yake hunigusa zaidi. Usikilize usiku, taa zikiwa zimezimwa, kisha uniandikie kama nimekosea.

SWALI: Nilikuwa katika gari hilohilo, nikitoka Lindi. Mimi ni mzee wa miaka sabini na muziki naujua. Huo uliopigwa ni muziki wa matangazo ya biashara, umetengenezwa kuuza soda na magari. Kwa nini jarida linalojiheshimu linashughulika nao? (Msomaji wa siku nyingi, Mtanda, Lindi)

JIBU: Shikamoo Mzee wangu. Sehemu ya kwanza ya neno lako ni kweli na sitaipinga. Wimbo uliompa Yamashita umaarufu mkubwa, Ride on Time wa mwaka 1980, ulitumika katika tangazo la kaseti za Maxell, na yeye mwenyewe alionekana katika tangazo hilo akiwa amesimama baharini. Biashara na muziki huo vilikula sahani moja miaka yote hiyo. Lakini kaseti za Maxell tulizinunua sisi pia, Mzee, na ndani yake tulirekodi Vijana Jazz na Mlimani Park, na hakuna aliyesema kwamba utamu wao umepunguzwa na jina lililoandikwa juu ya plastiki.

Naongeza jambo moja. Anayetengeneza muziki kwa ajili ya kuuza soda tu hana sababu ya kurudia sauti ileile mara nyingi ili kiitikio kimoja kikae sawasawa, wala ya kumwacha mpiga gita peke yake mwanzoni mwa albamu, mahali ambapo mfanyabiashara angeweka kiitikio. Nakuomba, ukipanda tena gari lile, umwambie dereva arudishe wimbo wa kwanza, uache kumsikiliza mwimbaji, na uutazame mkono wa kulia wa mpigaji kwa masikio yako. Kama baada ya hapo bado utaona ni soda, nitakubali, na kahawa itakuwa juu yangu.

SWALI: Nimetafuta albamu hii mtandaoni kwa kulipia kifurushi na sijaiona. Je, nimekosea jina? Na nikiipata kwenye kaseti, itadumu katika hewa hii ya chumvi? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Jina hukukosea. Yamashita amekataa kuziweka albamu zake hizi kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni, na katika mahojiano ya mwaka 2022, mwaka alipotoa albamu ya Softly, alieleza waziwazi kwamba hana nia hiyo. Badala yake, albamu zake za miaka ile zilitolewa upya zikiwa santuri na kaseti, na For You ilikuwa ya kwanza katika mfululizo huo, tarehe 3 Mei 2023. Kuagiza kutoka Japani kunawezekana, ila hesabu nauli kabla hujahesabu bei, na mwambie muuzaji akufungie vizuri. Mimi niliwahi kupokea santuri iliyopinda kama sinia, na muuzaji akanijibu kwamba kupinda huko ni kwa ajili ya jua la Afrika.

Kuhusu kaseti, adui wako Mikindani ni ukungu, ule unga mweupe unaoota kwenye kingo za mkanda. Ihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, pamoja na mchele uliokaangwa kidogo bila mafuta na kufungwa kwenye kitambaa, na kila mwezi uizungushe yote mbele na nyuma ili mkanda usigandamane. Ukungu ukishaonekana usiicheze, kwa sababu utahamia kwenye kichwa cha redio na kuzichafua kaseti zako nyingine zote.

Na wewe dereva wa Chuno, kabla sijasahau: sidii iliyokaa miaka ndani ya redio ina mikwaruzo, na nina hakika umekwisha kuifuta kwa shati. Tumia kitambaa laini chenye unyevu, uifute kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Kisha mtafute kijana mwenye kompyuta akutolee nakala yako ya kuchezea garini, na ile yenyewe uiweke nyumbani, mbali na dirisha, mahali ambapo mke wako hataigeuza kuwa kitu cha kuwekea sufuria.